Siku Tatu za Stamenka wa Stendi

Mungu alipokuwa akigawa sauti, alipofika kwa Stamenka bila shaka mkono uliteleza. Shuleni alitolewa kwenye kwaya, si kwa kuimba vibaya, bali kwa sababu wenzake thelathini na tisa hawakusikika. Alipoolewa na Ratomir, mtu mpole wa kiwanda cha mbao anayetumia maneno ishirini kwa siku, na Jumapili anajibana kidogo, majirani walisema hatimaye nyumba ile itakuwa na wastani. Na siku alipokwenda stendi ya mabasi kuulizia basi la Užice, mkuu wa stendi, Gvozden, alimsikia akiwa ghorofani na dirisha limefungwa, akashuka mbio kumpa kazi.

Tangu hapo ni miaka ishirini na saba. Stamenka alikaa kwenye kibanda cha kioo katikati ya stendi, kipaza sauti mbele yake na kahawa mkono wa kulia, na mji wetu mzima wa kando ya mto Morava ulimtegemea yeye kujua uende wapi na saa ngapi. Wala hakuwa akitangaza tu. Alikuwa akisimamia.

"Basi la Čačak, saa nne na robo, njia ya pili! Mama mwenye skafu ya kijani, hilo si lako, lako ni la Kraljevo, geuka! Geuka, mama! Haya, safi. Na yule kaka anayembusu dada njia ya tano, basi lake limeondoka dakika tatu zilizopita. Endelea tu, mwanangu, lijalo ni saa nane."

Watu walikuja stendi hata bila safari. Wengine walikuja na viti.

Miaka miwili iliyopita zikaanza zile siku tatu. Zilikuja karibu kila mwezi, bila hodi na bila sababu. Jumapili Stamenka amecheka mpaka amepaliwa na supu, Jumatatu ameamka na kijiko kina uzito. Simaanishi mambo makubwa, namaanisha kijiko chenyewe. Alikishika, akakitazama, akakirudisha mezani, kwa sababu kukipeleka mdomoni ilikuwa kazi ya watu wawili. Usingizi ulimkimbia, chakula kikawa kama karatasi, na kila alichowahi kukifanya maishani alikiona kibaya, hata soksi alizomfumia Ratomir mwaka wa kwanza wa ndoa. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyemwudhi. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, kwamba hakuwa na la kulalamikia.

Kazini alikwenda hivyo hivyo, akakaa mbele ya kipaza sauti.

"Basi la Kraljevo," alisema. "Njia ya tatu. Anayetaka kwenda, aende."

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda Kraljevo kununua trekta. Alisikia tangazo hilo, akaliwaza trekta, akayawaza maisha yake, akachukua mkoba wake na kurudi nyumbani.

Siku ya nne Stamenka aliamka na njaa, akala mayai matano, akaimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta. Yalikuwa yamepita. Yamepita kabisa, hayakuacha hata alama, na mtu angedhani aliota. Lakini alijua kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu yeyote, yeye asiyewahi kubaki na siri tangu abatizwe. Kila siku ya tatu, jioni jioni hivi, ilimjia kichwani sentensi moja. Sentensi yenyewe ilisema: wangeishi vizuri tu bila mimi. Mwanzoni ilimshtua. Siku hizi ilikuwa inakuja, inakaa, na yeye anaisogezea nafasi. Stamenka aliweza kuutangazia mji mzima kwamba Gvozden amefunga zipu vibaya, lakini sentensi hiyo moja alishindwa kuitamka, na alijua kwamba asipoitamka siku moja itamshinda.

Mji ulikuwa na maoni, kama kawaida ya mji. Wengine walisema ni damu haba. Wengine walisema amekaa kwenye jiwe la baridi na kizazi kimeganda, ingawa Stamenka ana miaka hamsini na mitatu na kizazi chake kilishastaafu. Mwishowe wote walikubaliana kwamba ni promaja.

Promaja ni ule upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile, na wewe umekaa katikati. Kwetu mtu anaweza kuvuta sigara miaka sitini, akanywa rakija, ile pombe kali ya plamu, kabla ya kahawa na kulala na viatu, na hakuna atakayemwuliza kitu. Akikaa kati ya madirisha mawili yaliyo wazi, tunaanza kuulizana atazikwa upande gani wa makaburi. Promaja huvunja shingo, hung'oa meno, hupofusha, huachanisha ndoa. Basi likija mwezi wa saba, watu hamsini ndani wanachemka kama kabichi, na abiria mgeni akifungua kidirisha, wote hamsini wanageuka kumtazama muuaji.

Na jemadari wa vita dhidi ya promaja katika mtaa wetu alikuwa Kosara, mama mzazi wa Ratomir, mwenye miaka themanini na moja na fulana ya sufu majira yote. Nyumbani kwake hapakuwahi kufunguliwa madirisha mawili kwa pamoja tangu Ratomir akiwa mtoto mdogo. Stamenka aliishi naye nyumba moja miaka yote hiyo ishirini na saba, na walikuwa wamebishana juu ya kila kitu kilichomo duniani: chumvi, mapazia, siasa, na njia sahihi ya kukunja shuka.

"Imekuingia sikio la kushoto," Kosara alitoa uamuzi. "Kutoka sikioni imekwenda kwenye mishipa. Kutoka mishipani imekwenda kwenye roho. Njia ni hiyo hiyo."

"Mama, kibanda changu kina kidirisha kimoja tu."

"Na tundu la kipaza sauti je?"

Basi Stamenka akatibiwa. Alivalishwa soksi zilizoloweshwa rakija, akafungwa jani la kabichi kichwani, na Gvozden akaamuru kibanda cha stendi kizibwe kwa gundi pande zote nne. Katikati ya mwezi wa sita, ndani ya sanduku la kioo, Stamenka alitangaza kama mtu anayezama. Siku tatu zilikuja vilevile, na sasa alikuwa na huzuni na jasho pamoja.

Mara moja tu alijaribu daktari. Siku ya pili ya siku zake tatu aliomba miadi kituo cha afya, akapewa ya siku kumi na mbili mbele. Ugonjwa wa siku tatu na miadi ya siku kumi na mbili, hata asiyejua hesabu anaona hawa wawili hawatakutana. Ilipofika tarehe, Stamenka alikuwa mzima kama kengele. Aliona haya kwenda, kama mwenye gari linalogonga njia nzima halafu linanyamaza mbele ya fundi. Alikwenda hivyo hivyo, na pai ya jibini mkononi.

Daktari Teodora alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na foleni ya watu thelathini mlangoni.

"Unalala?"

"Kama gogo, daktari."

"Unakula?"

"Mwulize paka wetu. Ameacha kupata mabaki, sasa anakula kwa jirani."

"Kuna mawazo mabaya yanayokujia?"

Sentensi ilikuwa imeshafika nyuma ya meno. Alimtazama daktari, akatazama pai, akaitazama siku yenyewe, jua limejaa dirishani na yeye hana kinachomuuma popote, na akaona atakuwa mwongo.

"Mabaya sana," alisema. "Yote yanamhusu Gvozden."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alimwandikia vitamini, akamwambia laiti wagonjwa wote wangekuwa kama yeye. Stamenka aliteremka ngazi akicheka. Ngazi ya nne kicheko kikakatika, akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili na kusimama hapo muda mrefu. Alikuwa ameulizwa waziwazi, akafanya mzaha.

Mwezi wa tisa mambo yakafika kwa wakubwa. Gvozden alimwita ofisini, akafunga dirisha, akafunga na mlango.

"Dada Stamenka, mimi nakupenda, unajua. Lakini Jumanne umetangaza basi la Belgrade ukasema, 'Njia ya kwanza, ingawa sijui mtapata nini huko.' Abiria wanne wamerudisha tiketi! Na dereva mwenyewe alishuka kidogo kufikiri!"

"Samahani, bosi."

"Simtaki mwingine kwenye kile kibanda. Ila wewe nenda likizo wiki mbili, iondoe hiyo promaja mwilini."

Kosara aliposikia hayo alivua kitambaa kichwani na kukifunga upya kwa nguvu, kama anayejiandaa kupigana. Sasa ilikuwa vita kamili. Ratomir alitumwa kununua utepe wa sifongo mita mia moja. Waliziba madirisha yote, wakaziba mlango wa nyuma kwa blanketi, wakaziba tundu la barua. Tundu la ufunguo Kosara aliliziba mwenyewe kwa sufu, kwa ncha ya sindano ya kufumia, taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Paka, ambaye jina lake ni Mkurugenzi kwa sababu hulala mpaka saa sita, alijikuta nje, akalia siku mbili dirishani.

Lakini mwezi wa tisa kwetu ni mwezi wa pilipili hoho. Hakuna nyumba isiyochoma magunia mawili matatu ya hoho nyekundu, ikazimenya na kuzipika mpaka ziwe rojo la ajvar kwa ajili ya baridi. Kazi hiyo hufanyika uani, mtaa mzima unanukia. Kosara akasema mwaka huu hapana, mlango haufunguliwi, tutachomea jikoni.

Ratomir aliwasha jiko. Baada ya nusu saa ilisikika sauti yake kutoka ndani ya moshi.

"Mama? Siwaoni. Mko wapi?"

"Tupo hapahapa, mwanangu! Kaa chini, hewa iko chini!"

"Nimekaa."

"Basi lala!"

Jirani alikuja mbio kugonga mlango. "Kosara! Mnaungua?"

"Hatuungui!" Kosara alijibu, na kukohoa. "Tunajikinga!"

Stamenka alicheka siku hiyo mpaka akakaa sakafuni, uso umejaa masizi, machozi yamechora njia mbili. Ratomir hakusema neno, maana ya siku hiyo yalikuwa yamebaki machache. Alifungua mlango kwa bega, akalibeba jiko na kulipeleka uani, kisha akarudi na kuubandika tena utepe ili mama asilalamike. Na nyumba ilibaki imezibwa siku tisa. Humo ndani hata nzi aliruka polepole.

Siku ya kumi, Jumatatu, Stamenka aliamka, akaenda mezani, akashika kijiko. Kijiko kilikuwa kizito.

Kosara alimwona. Aliwasha mshumaa na kuzunguka nao nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, mlango kwa mlango, akiinama kwa shida hadi kwenye tundu la ufunguo. Mwali ulisimama wima kila mahali. Hapakuwa na upepo hata wa kumtikisa utitiri. Bibi kizee alirudi jikoni na mshumaa wake, akaketi, na kwa mara ya kwanza Stamenka alimwona amezeeka.

"Siyo promaja," Kosara alisema.

"Siyo, mama."

"Hii ni siku ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Ya tatu ndiyo mbaya," alisema Kosara, akainuka kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Stamenka alikuwa amechoka mno hata hakuuliza amejuaje.

Siku ya pili ilipita kama zilivyopita zote. Siku ya tatu Stamenka hakutoka kitandani. Baada ya chakula cha mchana, ambacho hakukila, mlango wa chumba ulifunguka, na Kosara akaingia akisukuma kwa mguu beseni la hoho zilizochomwa. Aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, akamtupia mkwewe taulo kifuani, na juu ya taulo akaweka hoho moja.

"Menya."

"Mama, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Menya hiyo moja."

Stamenka alimenya moja. Ilimchukua dakika kumi. Kosara akaweka nyingine.

"Unaacha maganda," alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka juzi pia uliacha maganda. Nilikaa kimya."

"Hukukaa kimya, mama. Ulimwambia padri."

"Padri aliuliza."

Wakamenya. Jua liliteremka ukutani, na saa ile ya jioni ikafika, na sentensi ikaja kama ilivyo desturi yake. Wangeishi vizuri tu bila mimi. Stamenka aliufumba mdomo. Mikono ikasimama juu ya hoho.

Kosara aliitazama ile mikono. "Limekuja neno?" aliuliza.

"Neno gani?"

"Basi. Menya."

Aliketi hapo mpaka Stamenka aliposinzia, na asubuhi Stamenka alipoamka bibi alikuwa bado kitini, kidevu kifuani, vidole vyekundu, akikoroma kama trekta. Ilikuwa Alhamisi. Stamenka alikuwa na njaa. Alikaanga mayai matano, akaanza kuimba, na hakuwa amefika ubeti wa pili Kosara alipotokea mlangoni amevaa koti la kanisani.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa daktari."

"Leo? Mama, leo mimi mzima! Sikia!" Akaimba noti moja, na glasi kabatini ikaitika.

"Ndiyo maana tunakwenda leo. Jana usingeweza kutembea. Leo una miguu na una mdomo. Viatu!"

Kituo cha afya, msichana wa mapokezi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mna miadi?"

"Nina miaka themanini na moja," alisema Kosara, akapita.

Daktari Teodora alimkumbuka Stamenka kwa pai. Alimkaribisha kwa furaha, na Stamenka akaona hatari yote palepale. Alijijua. Akichekewa kidogo tu ataanza mizaha kama yuko stendi.

"Haya, bibie, tunasumbuliwa na nini leo?"

"Na mama mkwe, daktari. Nimemleta ili—"

Kosara aliuinua mkoba wake, ule mweusi wenye kufuli la chuma, na kuushusha mezani kwa kishindo. Bakuli la peremende likaruka.

"Asicheke mtu," alisema.

Hakucheka mtu. Kosara alifungua mkoba, akatoa kalenda ya kanisa, ile inayoning'inia jikoni. Chini ya sikukuu za watakatifu kulikuwa na misalaba midogo ya penseli, mitatu mitatu, mwezi baada ya mwezi.

"Hizi ni siku zake," alisema. "Miaka miwili. Nilikuwa naandika nijue upepo unatoka wapi. Ya mwaka jana nimeiacha nyumbani. Na ukitaka ya kwangu nitakuletea, ila ni ya zamani, ina panya."

"Ya kwako, bibi?" daktari aliuliza.

Stamenka aligeuka kumtazama mama mkwe wake.

Kosara aliongea akiielekea ile kalenda. "Ratomir alikuwa na miaka sita. Baba yake yuko Ujerumani, anajenga barabara za watu. Kila mwezi siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa najiambia, huyu mtoto angeishi vizuri tu bila mimi. Ndipo nachukua sufu, naziba dirisha. Nikimaliza dirisha naziba mlango. Nikimaliza mlango, tundu la ufunguo. Nikimaliza yote nachomoa yote, naanza upya. Ilimradi mikono ina kazi mpaka ipite. Jirani akaniuliza, wewe Kosara, unafanya nini? Nikamwambia, promaja. Akasema, aa, kweli, promaja. Na hakuna aliyeniuliza tena."

Nje mtu alikohoa kwenye foleni.

"Hizo siku zilikoma lini, bibi?"

"Nani kakwambia zimekoma?" alisema Kosara kwa hasira. "Zimepungua tu. Nami nimezeeka, hazinipati kirahisi. Lakini huyu hajui kuziba tundu. Huyu analala tu pale na kuitazama dari. Jana nimemwona, neno limemfikia mdomoni na amelimeza. Namjua. Nalijua hilo neno. Sasa aliseme, ama sitoki hapa, na hao walioko foleni wapeleke malalamiko wizarani."

Stamenka alifungua mdomo. Miaka hamsini na mitatu sauti hiyo haikuwahi kumwangusha, na sasa ilitoka ndogo mno hata daktari akalazimika kuegemea mbele.

"Najiambia wangeishi vizuri tu bila mimi."

"Kila siku ya tatu?"

"Kila siku ya tatu."

"Umewahi kupanga chochote?"

"Hapana, daktari. Hapana. Ila zamani ikija nilikuwa naogopa. Mara hii haikuniogopesha. Nikaiona kama mtu wa nyumbani." Akapangusa pua kwa kiganja. "Siku ile nilipokuja nilitaka kukwambia. Lakini nilikuwa mzima. Mtu mzima atasemaje anaumwa? Na akiumwa hawezi kuja. Na kesho kutwa imepita, nakula mayai."

"Mimi nami nilicheka," daktari alisema. "Nilicheka, nikakuacha uende. Hilo ni kosa langu." Alisogeza bakuli la peremende pembeni ili amwone vizuri. "Sikiliza, Stamenka. Hii ni sonona. Ikikaa siku tatu ni sonona, ikikaa miezi mitatu ni sonona. Kuna hii ya vipindi vifupi, inakuja inakwenda, na watu wanadhani kwa kuwa imekwenda imepona. Haijapona. Inarudi, nayo inatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa ikihitajika, na nitakupa mtu mzuri wa hayo. Kila mtu ana siku mbaya, hilo liko wazi. Lakini siku mbaya zinazorudi kila mwezi, zinazokunyima chakula na usingizi na kukuharibia kazi, hizo unazileta hapa hata kama leo unaimba. Na hiyo sentensi haingoji miadi. Ikija, unamwambia aliye karibu, saa hiyo hiyo. Unakuja siku hiyo hiyo. Pale mlangoni utasema nimesema mimi."

"Kwa hiyo promaja haihusiki kabisa?" Kosara aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ndugu aliyefungwa jela.

"Promaja ni mbaya sana," alisema daktari, maana naye ni mtu wa kwetu, akainuka akafunga kidirisha kilichokuwa wazi nyuma yake. "Ila hii siyo kazi yake."

Kosara alitikisa kichwa polepole. Ndipo Stamenka alipomshika mkono, ule wenye vidole vilivyobaki vyekundu kwa hoho, na hakumbuki kama aliwahi kumshika mkono siku nyingine yoyote isipokuwa siku ya harusi, na hata hiyo ilikuwa kwa ajili ya picha.

"Mama. Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia? Una kipaza sauti!"

Daktari alikaa, akafungua droo, akatoa fomu mpya. Akatafakari kidogo, akatoa na ya pili.

"Nianze na nani?"

"Anza na yeye," walisema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Basi nitaanza na anayelia," alisema Daktari Teodora, akainua macho kutoka kwenye karatasi, akakuta nyuso mbili zimelowa, na akaona hilo halimsaidii kitu.